Ushindi 13, Nafasi ya 5: Florida State Ilivyofungiwa Nje Mwaka 2023

Mchana wa Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, wachezaji wa futiboli ya Kimarekani wa Chuo Kikuu cha Florida State walikuwa wamekaa pamoja mjini Tallahassee, macho kwenye televisheni, wakisubiri jina la chuo chao litajwe. Walikuwa wamecheza mechi 13 na kushinda zote 13. Usiku uliotangulia walikuwa wametwaa ubingwa wa konferensi yao, ACC. Nafasi za kuwania ubingwa wa taifa zilikuwa nne tu. Zikatajwa Michigan, Washington, Texas na Alabama. Florida State wakawa wa tano. Texas na Alabama, kila mmoja alikuwa amepoteza mechi moja.

Sisi tuliokulia kwenye soka tunashindwa kulielewa jambo hili tangu mwanzo. Ligi ina msimamo, msimamo una pointi, na aliyeshinda mechi zote yuko juu, utake usitake. Inakuwaje timu ishinde kila kitu, halafu wakae watu chumbani waamue kwamba haitoshi?

Jibu fupi ni kwamba futiboli ya vyuo nchini Marekani haijawahi kuwa na msimamo wa aina hiyo. Bingwa wake, tangu zamani, amekuwa akipatikana kwa maoni ya watu. Kilichobadilika ni nani wanaotoa maoni na kwa utaratibu gani. Msimu wa Florida State ulilifunua jambo hilo kuliko msimu mwingine wowote wa karibuni. Wengi walisema timu imeibiwa. Mimi naona kamati iliyochagua timu hizo nne haikuvunja kanuni hata moja, na ubaya wa kisa hiki upo hapo hapo: kanuni zenyewe zinauliza maswali mawili yasiyo na jibu moja.

Vyuo 133, mechi 12

Mwaka 2023 daraja la juu la futiboli ya vyuo lilikuwa na timu 133. Kila timu hucheza mechi 12 kabla ya fainali ya konferensi yake. Hesabu yenyewe inakataa: mechi 12 haziwezi kukutanisha vyuo 133. Huu si mchezo wa kurudia Jumatano na Jumamosi. Wachezaji wanaumia, miili inahitaji wiki nzima kupona, na msimu unaanza mwishoni mwa Agosti ukaisha mapema Desemba.

Kwa hiyo vyuo vimejigawa katika konferensi, yaani vikundi vya vyuo vinavyocheza zaidi wao kwa wao na kuuza haki za televisheni kwa pamoja. Wakati ule kubwa zilikuwa tano: SEC ya kusini yenye Alabama na Georgia, Big Ten yenye Michigan na Ohio State, ACC ya Florida State na Clemson, Big 12 ya Texas na Oklahoma, na Pac-12 ya magharibi yenye Washington na Oregon. Kila konferensi ina bingwa wake. Shida ni kumpata bingwa wa wote, maana bingwa wa ACC na bingwa wa Big Ten wanaweza kumaliza mwaka bila kukutana na hata mpinzani mmoja wa pamoja.

Kwa miongo mingi suala hili lilimalizwa kwa kura. Waandishi wa habari walikuwa na orodha yao, makocha nao na yao, na orodha zikipishana nchi inakuwa na mabingwa wawili. Msimu wa 1997 waandishi waliwapa ubingwa Michigan, makocha wakawapa Nebraska, na timu hizo hazikukutana uwanjani. Mwaka 1998 ukaja mfumo wa BCS uliochanganya kura na hesabu za kompyuta ili kupata timu mbili za fainali. Msimu wa 2004 USC, Oklahoma na Auburn, zote za konferensi kubwa, zilifika mwisho wa msimu wa kawaida bila kupoteza. Viti vilikuwa viwili. Auburn wakabaki wamesimama.

Ndipo mwaka 2014 ikaanzishwa kamati ya watu 13: wakurugenzi wa michezo wa vyuo, makocha wastaafu, watu waliowahi kucheza na wengine wa aina hiyo. Kuanzia mwishoni mwa Oktoba au mwanzoni mwa Novemba walikuwa wakitoa orodha kila wiki, na orodha ya mwisho ndiyo iliyochagua timu nne za nusu fainali. Zilipokuwa mbili watu walipigania nafasi ya tatu. Zilipokuwa nne wakahamia nafasi ya tano. Hata hivyo, kwa miaka tisa ya kwanza hakuna bingwa wa konferensi kubwa aliyeshinda mechi zote akaachwa nje. UCF waliachwa mwaka 2017 bila kupoteza, wakaishia kumfunga Auburn 34-27 kwenye Peach Bowl, moja ya mechi za heshima za mwisho wa msimu, na kujitangaza mabingwa wenyewe, lakini UCF walitoka konferensi ndogo, na wakubwa waliona hilo linatosha kuwa sababu. Florida State hawakuwa wadogo. Chuo hiki kilitwaa ubingwa wa taifa mwaka 1993, 1999 na 2013.

Timu iliyorudi kutoka mbali

Kocha Mike Norvell alikabidhiwa timu kabla ya msimu wa 2020, ikiwa imechoka. Aliijenga kwa kutumia sana soko la uhamisho, ambalo sasa linamruhusu mwanafunzi kubadili chuo na kucheza mara moja. Mpokeaji pasi Keon Coleman alitoka Michigan State. Jared Verse, beki wa pembeni wa kuwinda kwotabeki (mchezaji anayeongoza mashambulizi na kutupa pasi), alitoka Albany, chuo cha daraja la chini. Braden Fiske alitoka Western Michigan. Kwotabeki, Jordan Travis, alikuwa amehamia kutoka Louisville miaka kadhaa nyuma, na kuna kipindi wengi waliona kazi yake ni kukimbia tu kwa kuwa mkono wake haukuaminika.

Msimu ukaanza Orlando tarehe 3 Septemba dhidi ya LSU, timu iliyokuwa nafasi ya tano kwenye kura za waandishi. Kufikia mapumziko LSU walikuwa mbele 17-14. Kipindi cha pili Florida State wakafunga pointi 31 dhidi ya 7 na mechi ikaisha 45-24. Kwotabeki wa LSU siku hiyo alikuwa Jayden Daniels, ambaye baadaye mwaka huo huo alitunukiwa tuzo ya Heisman ya mchezaji bora wa vyuo nchini. Weka matokeo hayo kando, tutayahitaji.

Baadaye mwezi huo wakaponea kwa Boston College, 31-29, siku ambayo wapinzani wao waliadhibiwa kwa makosa 18. Kisha wakaenda Clemson, ambako hawakuwa wameshinda tangu 2013. Wakiwa nyuma kwa pointi saba, Kalen DeLoach alimvaa kwotabeki wa Clemson, mpira ukamtoka, DeLoach mwenyewe akauokota na kukimbia nao yadi 56 hadi mwisho wa uwanja. Clemson walikosa mkwaju wa karibu dakika za mwisho, mechi ikaingia muda wa nyongeza, na Coleman akadaka pasi ya ushindi: 31-24. Baada ya hapo msimu ukawa mteremko. Virginia Tech, Syracuse, Duke, Wake Forest, Pittsburgh, Miami, wote wakapigwa.

Travis alikuwa roho ya yote haya. Hadi Novemba alikuwa ametupa pasi 20 za kufunga, na pasi zake zilizoibwa na wapinzani zilikuwa mbili tu kwa msimu mzima.

Tarehe 18 Novemba Florida State walikuwa nyumbani, kwenye uwanja wao wa Doak Campbell, wakicheza na North Alabama. Mechi za namna hii ni za kupasha misuli: timu ya daraja la chini inalipwa kuja kufungwa. Siku hiyo North Alabama walianza kwa kuongoza 13-0 na uwanja ukaanza kunung'unika. Katika robo ya kwanza Travis akaamua kukimbia mwenyewe na mpira. Alipokabwa, mguu wa kushoto ulipinda vibaya chini yake. Wenzake wakatoka benchi na kumzunguka, mguu ukafungwa, akawekwa kwenye kigari na kutolewa nje. Florida State wakashinda 58-13, na nadhani hakuna shabiki aliyeondoka uwanjani akizungumzia matokeo.

Wiki ile ile kamati iliwatoa nafasi ya nne na kuwashusha hadi ya tano, Washington wakipanda badala yao. Walioifuatilia orodha ile kwa makini waliona dalili. Wiki iliyofuata, Ohio State walipofungwa na Michigan, Florida State wakarudi nafasi ya nne, na watu wakajisahau.

Kushinda bila kupendeza

Zilibaki mechi mbili. Ya kwanza ilikuwa Gainesville, kwa mahasimu wao Florida. Tate Rodemaker, kwotabeki wa akiba, aliichukua timu ikafungwa 12-0 kwanza, kisha ikageuza na kushinda 24-15, kazi kubwa ikifanywa na mkimbiaji Trey Benson. Rodemaker naye akapigwa kichwani kwenye mechi hiyo.

Kwa hiyo fainali ya ACC dhidi ya Louisville, mjini Charlotte tarehe 2 Desemba, Florida State waliingia na kwotabeki wa tatu, Brock Glenn, kijana wa mwaka wa kwanza ambaye hakuwahi kuanza mechi ya chuo. Alifikisha pasi 8 kati ya 21, yadi 55 kwa jumla. Hizo ni takwimu ambazo kwotabeki mzuri anazipata kwenye robo moja. Lakini safu ya ulinzi ilicheza mechi ambayo kwa maoni yangu ndiyo bora kuliko zote za msimu wao: walimwangusha kwotabeki wa Louisville mara 7 kabla hajatupa, Fiske peke yake mara 3, na wakawazuia wapinzani chini ya yadi 200. Katika robo ya tatu Lawrance Toafili, mkimbiaji, alipokea mpira moja kwa moja bila kupitia kwa kwotabeki, akachana katikati na kukimbia yadi 73, halafu akamalizia mwenyewe. 16-6. Mabingwa.

Ukiipenda futiboli ya ulinzi, ile ilikuwa mechi tamu. Ukiwa mjumbe wa kamati unayejiuliza timu hii itaifanya nini Michigan, uliona yadi 55 tu za pasi kwa mechi nzima.

Sasa tugeukie Alabama, maana kiti kilichogombewa kilikuwa baina ya hao wawili. Septemba Alabama walifungwa na Texas nyumbani kwao Tuscaloosa, 34-24. Wiki iliyofuata walimpiga benchi kwotabeki wao Jalen Milroe na kuhangaika kumfunga South Florida 17-3. Tarehe 25 Novemba walikuwa wanapoteza kwa Auburn zikiwa zimebaki sekunde chini ya 45. Timu hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10. Alabama walikuwa kwenye jaribio la nne na walishasukumwa nyuma hadi wakahitaji yadi 31. Milroe akautupa mpira kwenye pembe ya mbali ya eneo la kufungia, Isaiah Bond akaudaka, 27-24. Mpira ule ungeanguka, Alabama wangekuwa wamepoteza mara mbili na makala haya yasingekuwepo.

Wiki moja baadaye, tarehe 2 Desemba, wakamfunga Georgia 27-24 kwenye fainali ya SEC. Georgia walikuwa namba moja, hawajapoteza kwa mechi 29 mfululizo, mabingwa wa taifa mara mbili zilizopita. Ule ulikuwa ushindi mkubwa kuliko wowote wa msimu mzima, na ndio uliovuruga hesabu za kila mtu.

Hesabu ya chumbani

Jumapili asubuhi kamati ilikuwa na timu tatu zisizopoteza: Michigan, Washington na Florida State. Ilikuwa na Texas, Alabama na Georgia, kila mmoja na kipigo kimoja. Michigan na Washington hawakuwa na mjadala. Vilibaki viti viwili.

Ukisema Alabama waingie kwa kuwa walimfunga Georgia, huwezi kuwaacha Texas, waliomfunga Alabama nyumbani kwake, na ambao nao walikuwa mabingwa wa Big 12 kwa kuichapa Oklahoma State 49-21. Ukisema Texas waingie na Florida State waingie, Alabama wako nje, na SEC inakosa mwakilishi kwa mara ya kwanza tangu mfumo uanze. Ukitaka Alabama na Texas wote wawili, lazima umtoe asiyepoteza. Hakukuwa na njia ya nne.

Kanuni ya kamati inaagiza kuchagua timu nne zilizo bora. Pale ambapo timu zinakaribiana, inataja vigezo: ubingwa wa konferensi, ugumu wa ratiba, matokeo ya timu zilipokutana, na matokeo dhidi ya wapinzani wa pamoja. Kisha inaongeza kifungu ambacho kabla ya siku ile wachache walikijali: kamati inaweza kuzingatia kukosekana kwa wachezaji au makocha muhimu, ikiwa kukosekana huko kumeathiri timu msimuni au kunaelekea kuiathiri mbele ya safari.

Kifungu hicho ndicho kilichowaondoa Florida State. Mwenyekiti wa kamati, Boo Corrigan, alieleza waziwazi kwamba bila Travis timu ile ilikuwa tofauti na ile ya wiki 11 za mwanzo. Na hapa kuna jambo la kuchekesha kidogo kwa wale wanaodhani ACC ilihujumiwa na wageni: Corrigan alikuwa mkurugenzi wa michezo wa NC State, chuo cha ACC hiyo hiyo. Mjumbe hutoka chumbani chuo chake kinapojadiliwa, lakini jirani wa konferensi moja anabaki.

Tatizo langu ni hili. Vigezo vinne vya kwanza vinatazama nyuma: umefanya nini, umemfunga nani. Kifungu cha tano kinatazama mbele: utafanya nini Januari. Maswali hayo ni tofauti kabisa. Kwa swali la kwanza Florida State wana haki yote. Walikuwa na mpinzani wa pamoja na Alabama, yule LSU tuliyemweka kando. Florida State walimfunga 45-24 uwanja wa kati. Alabama walimfunga 42-28 nyumbani. Kwa swali la pili, mtu mkweli anakubali kwamba Alabama ya Desemba ilikuwa timu ngumu kuliko Florida State ya Desemba. Waliokuwa wanabishana kwenye redio na baa za Florida walikuwa wanajibu swali la kwanza. Kamati ilijibu la pili. Hakuna aliyemsikia mwenzake.

Na kamati haikulijibu swali hilo la pili kwa namna moja miaka yote. Mwaka 2014 Ohio State waliingia fainali ya Big Ten na kwotabeki wa tatu, Cardale Jones, baada ya wawili wa mbele yake kuumia. Ohio State walikuwa wamepoteza mechi moja, tena nyumbani kwa Virginia Tech. Wakamfunga Wisconsin 59-0. Kamati ikawaingiza nafasi ya nne na kumwangusha TCU kutoka nafasi ya tatu hadi ya sita, ingawa TCU walishinda mechi yao ya mwisho kwa pointi nyingi. Ohio State wakatwaa ubingwa wa taifa na Jones huyo huyo. Tofauti yao na Florida State ni pointi 59 dhidi ya 16. Lakini kanuni inasema vigezo visiihamasishe timu kutafuta ushindi wa pointi nyingi! Kijana wa mwaka wa kwanza aliyeanza mechi kwa mara ya kwanza na kushinda kwa pointi 10 alihukumiwa kwa kutoshinda kwa 40.

Zaidi ya hapo, ukishaanza kutabiri, mchezaji anawekwa mahali pagumu. Travis aliandika siku ile kwamba alitamani mguu wake ungevunjika mapema zaidi, ili watu waone timu ilikuwa kubwa kuliko yeye. Kamishna wa ACC, Jim Phillips, alitoa tamko la hasira. Norvell naye alisema amechukizwa. Katika maneno yote ya siku hiyo, ya Travis ndiyo yaliyokuwa na hoja.

Je, kulikuwa na mkono wa televisheni? Nadharia hiyo ilisambaa sana: ESPN inarusha mechi za mchujo, na ilikuwa inaelekea kumiliki matangazo yote ya SEC kuanzia 2024, kwa hiyo ilimtaka Alabama. Siikubali. ESPN hiyo hiyo ndiyo inayomiliki matangazo ya ACC. Isitoshe, watu 13 wa kamati hawahitaji kuhongwa ili waone Alabama ni timu kubwa. Wamelelewa wakiona hivyo. Upendeleo wa jina hauhitaji njama.

63-3 haikuthibitisha kitu

Tarehe 30 Desemba Florida State walicheza Orange Bowl karibu na Miami, dhidi ya Georgia, timu nyingine iliyoachwa. Kufikia mapumziko ilikuwa 42-3. Ikaisha 63-3, tofauti kubwa kuliko zote katika historia ya mechi hizo za mwisho wa msimu. Mitandaoni kamati ikapongezwa usiku kucha.

Lakini angalia nani walikuwa uwanjani. Coleman hakucheza. Verse hakucheza, wala Fiske, wala Benson, wala mpokeaji Johnny Wilson. Rodemaker alikuwa ameingia soko la uhamisho. Wachezaji waliokuwa wanaelekea NFL, ligi ya kulipwa, hawakuona sababu ya kuhatarisha magoti kwa mechi isiyo na kombe, na nani atawalaumu baada ya kuona mguu wa Travis? Mwezi Aprili 2024 wachezaji 10 wa timu ile waliteuliwa na klabu za NFL. Verse alichukuliwa nafasi ya 19 na Rams, na mwisho wa msimu wake wa kwanza akatajwa mlinzi bora chipukizi wa ligi. Travis alichukuliwa na Jets raundi ya tano. Mguu haukupona sawasawa, na mwaka 2025 akatangaza kustaafu bila kucheza mechi hata moja ya ligi hiyo.

Kwa upande mwingine, mashabiki wa Florida State nao hawawezi kudai kwamba wangeifunga Michigan. Michigan waliifunga Alabama 27-20 katika muda wa nyongeza, kisha Washington 34-13 kwenye fainali mjini Houston. Mechi ambayo haikuchezwa haina mshindi, na hiyo ndiyo sababu watu wa soka tunaona msimamo wa pointi ni kitu cha thamani.

Fedha, mahakama na mlango uliopanuliwa

Tarehe 22 Desemba bodi ya Florida State ilipiga kura kuishtaki ACC, na kesi ikafunguliwa siku hiyo hiyo katika Kaunti ya Leon, Florida. ACC walikuwa wamewahi siku moja kabla, kwa kufungua yao North Carolina. Wengi walidhani kesi ilizaliwa na uamuzi wa kamati. La hasha. Mwezi Agosti 2023, kabla mpira wa kwanza haujatupwa, rais wa chuo, Richard McCullough, aliiambia bodi kwamba bila mabadiliko makubwa italazimu kufikiria kuondoka ACC. Uamuzi wa Desemba uliwasha tu kuni zilizokwisha kukaushwa.

Mgogoro wenyewe ulihusu mkataba ambao vyuo vya ACC viliikabidhi konferensi haki zao za matangazo hadi mwaka 2036. Wakati SEC na Big Ten zinasaini mikataba minono zaidi, ACC ilikuwa imefungwa kwenye bei ya zamani. Chuo kilidai mahakamani kwamba kuondoka kungekigharimu dola milioni 572. Ubingwa usiohakikisha kiti ukawa hoja ya kisheria: kwa nini tubaki kwenye konferensi ambayo hata ukishinda mechi zote hauaminiki? Na kiti hicho kilikuwa na bei yake, kwa kuwa konferensi ililipwa dola milioni 6 kwa kila timu iliyofika nusu fainali. Wanasiasa nao hawakukaa kimya: gavana Ron DeSantis alipendekeza dola milioni 1 za bajeti ya jimbo kwa gharama za mawakili.

Mwezi Machi 2025 pande zikapatana. Sehemu ya fedha za ACC sasa inagawanywa kwa kuangalia timu ipi inatazamwa zaidi, na gharama ya kujitoa inapungua mwaka hadi mwaka mpaka kufika dola milioni 75 kwenye msimu wa 2030-31.

Uwanjani, hatima ilikuwa kali zaidi. Msimu wa 2024 Florida State walianza nafasi ya 10 kwenye orodha ya waandishi, wakaenda Dublin, Ireland, kufungua na Georgia Tech, wakafungwa 24-21 kwa mkwaju wa mwisho. Wakamaliza na ushindi wa mechi 2, vipigo 10.

Mwaka huo huo mchujo ulipanuliwa kutoka timu nne hadi 12, uamuzi uliokuwa umeshapitishwa mwaka 2022. Kwa utaratibu mpya, mabingwa watano wa konferensi walio juu kwenye orodha waliingia kwa haki yao, wengine saba wakachaguliwa na kamati. Florida State wa 2023 wangeingia bila mjadala. Ila kamati bado ipo, na bado inauliza maswali yale mawili. Desemba 2024 nafasi ya mwisho iligombewa na SMU wa ACC, waliokuwa na ushindi 11 na vipigo 2, dhidi ya Alabama, ushindi 9 na vipigo 3 lakini kwenye ratiba ngumu zaidi. Safari hii kamati ilitazama nyuma, ikamchukua SMU. Mkurugenzi wa michezo wa Alabama, Greg Byrne, akaandika kwamba chuo chake kitalazimika kutafakari kama kuna faida ya kupanga mechi ngumu nje ya konferensi, mechi za aina ile ile ambayo Florida State walicheza na LSU kule Orlando.